Fizikia ya Mpemba na data za kupika

Habari za fizikia ya kwanta kwa kawaida hazimtoi mtu kitandani Jumamosi asubuhi, lakini hii moja ningependa imtoe kila Mtanzania. Mwaka 2024 wanafizikia wa Innsbruck, Austria, walizinasa ayoni 12 za kalsiamu, wakazivuruga kwa leza, kisha wakazitazama zinavyojirudi. Kila walipozivuruga zaidi, ulinganifu wake ulirudi mapema zaidi. Mwaka huohuo wenzao wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walitumia ayoni moja tu ya strontiamu wakaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo: kilichoanza baridi zaidi kiliwahi kupata joto. Ripoti zote mbili zilitoka katika jarida la Physical Review Letters, na zote mbili zina jina la Mpemba kwenye kichwa, pale ambapo wengine huandika Newton au Einstein.

Mpemba huyo ni wetu. Ni Erasto Mpemba, aliyesoma Magamba, Lushoto, na Mkwawa, Iringa. Wengi tunamjua kwa kisa cha maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi, na kisa hicho tunakisimulia kwa namna mbili: kama kioja cha kufurahisha watoto, au kama habari ya mwanafunzi aliyechekwa akaja kuwashinda waliomcheka. Namna zote mbili hazinitoshi. Mimi naiona ni habari ya kijana aliyekataa kupika data, na naona shule zetu zinaihitaji hivyo hasa.

Turudi mwaka 1963. Mpemba yuko kidato cha tatu, na wavulana wa Magamba wana mchezo wa kutengeneza askrimu. Unachemsha maziwa, unakoroga sukari, unaacha yapoe, ndipo unayatia kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Siku moja Mpemba anachemsha maziwa yake, mwenzake akamwona, akaona akisubiri kuchemsha atakosa nafasi. Akakoroga sukari kwenye maziwa mabichi na kuyapeleka moja kwa moja. Trei zikawa zinakwisha. Mpemba akapiga hesabu ya haraka: akisubiri yapoe, hapati trei. Akayatia yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuiharibu friza. Baada ya saa moja na nusu wakarudi pamoja kuangalia. Ya Mpemba imeshakuwa askrimu. Ya mwenzake bado ni uji mzito.

Napenda sana kwamba sayansi hii ilianzia kwenye ulafi halali wa wavulana wa bweni. Hakukuwa na nadharia yoyote. Palikuwa na maziwa, sukari na kugombania trei. Mpemba alimuuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Kisha anaingia mtu ambaye katika kisa hiki chote ndiye ninayempenda kuliko wengine, na ambaye husahaulika. Mpemba alikuwa na rafiki aliyetengeneza na kuuza askrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimweleza kwamba yeye huuweka mchanganyiko ukiwa wa moto, kusudi ugande upesi. Kwake lilikuwa jambo la kawaida la kazi. Tanga ni mji wa joto, mteja hasubiri, na anayewahi kugandisha ndiye anayewahi kuuza. Mfanyabiashara huyu hakuwa na kipimajoto wala grafu, lakini alikuwa na kitu ambacho mwalimu hakuwa nacho: alikuwa amefanya jaribio, tena si mara moja, na kila siku mapato yake yalimwambia kama amekosea. Maarifa ya namna hii yamejaa mitaani kwetu. Yako kwa mama anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu nyumbani, anayejua kona gani ya friza inagandisha kwanza, anayejua usiweke mifuko yote kwa pamoja, anayejua umeme ukikatika saa nane mchana barafu zipi zitaokoka. Hakuna anayekwenda kumuuliza. Mpemba alikwenda kumuuliza muuza askrimu, na hapo ndipo alipopata ujasiri wa kutomwamini mwalimu.

Akafaulu, akaenda Mkwawa kwa masomo ya juu. Siku wanayofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu, baada ya kubanwa, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalipenda neno hilo. Kuanzia hapo kila alipokosea hesabu, wenzake walimwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Yeye akakuta siku moja maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili za sentimita 50 za ujazo, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akazitia zote kwenye friza ya maabara. Baada ya saa moja, hazikuwa zimeganda zote kabisa, lakini bika iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Baadaye Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake, sasa likiwa limenyooka kama la mwanasayansi: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kina nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia kwenye friza, kilichoanza na nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Darasa likacheka. Osborne alitabasamu, akaomba lirudiwe, akauliza kama ni kweli na kama kijana amejaribu mwenyewe. Kisha akasema hajui, na kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Baadaye aliandika kwamba moyoni alidhani kijana amekosea, ila alikumbuka kuwa wanafunzi wanapaswa kutiwa moyo wa kuhoji.

Aliporudi, kazi hiyo akampa fundi sanifu kijana wa maabara. Fundi akaja na majibu: kweli, maji yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Fundi huyo hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa mtiifu. Alifundishwa kwamba jibu lipo tayari kabla ya jaribio, na kazi ya jaribio ni kulifikia. Sisi wote tuliosoma sayansi sekondari tunaijua tabia hiyo kwa jina lake la mtaani: kupika data.

Kwa asiyejua, inavyopikwa ni hivi. Kuna uzi, kipande cha chuma na saa ya kubonyeza. Unatakiwa uweke urefu wa uzi, uachie chuma kibembee, upime muda wa mibembeo 20, ubadilishe urefu, upime tena, uchore grafu, na kutokana na mteremko wa mstari upate mvuto wa dunia, ile 9.8 ambayo kila mmoja anaijua tangu asubuhi. Kundi lina wanafunzi wengi na saa moja. Mmoja anabonyeza, mwingine anahesabu, waliobaki wanaandika. Grafu inatoa 10.9. Basi kimya kinaingia, watu wanatazamana, kisha karatasi mpya zinatoka. Wanaanza na 9.8 chini kabisa, wanarudi juu hatua kwa hatua, wanajaza jedwali kinyumenyume, na wale mahiri wanaweka kasoro ndogo hapa na pale ili mstari usinyooke mno. Jedwali la kupika linapata alama zote. La kweli linarudi na kalamu nyekundu.

Na ile 10.9 ilikuwa na habari nzuri ya kusimulia. Chanzo chake mara nyingi ni anayehesabu: anaachia chuma na papo hapo anatamka "moja", badala ya "sifuri". Akifika "ishirini" chuma kimebembea mara 19 tu. Ukigawa muda wa mibembeo 19 kwa 20, kila mbembeo unaonekana mfupi kuliko ulivyo, na kosa hilo dogo peke yake linatosha kuipandisha 9.8 mpaka karibu 10.9. Mwanafunzi anayeachiwa aitafute sababu ya 10.9 kwa nusu saa atakuwa amejifunza kitu ambacho hatakisahau hata akiwa daktari, mhandisi au mhasibu. Mwanafunzi aliyepika 9.8 amejifunza kuwapa wakubwa wanachotaka kusikia.

Siwalaumu wanafunzi. Wanajua alama ziko wapi. Wala simtupii mzigo wote mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 80 na saa tatu za kubonyeza. Lawama yangu iko kwenye mwongozo wa kusahihisha unaolipa namba inayotarajiwa na kunyima alama maelezo ya namba isiyotarajiwa. Hilo linaweza kubadilishwa bila kununua kifaa hata kimoja.

Osborne na Mpemba walichapisha kazi yao mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, karibu na Moshi, akisomea usimamizi wa wanyamapori. Mwaka huohuo, bila kuwasiliana nao, George Kell wa Kanada aliandika kuhusu jambo hilohilo, maana huko nako watu walikuwa wakilisema siku nyingi. Wapo wanaosema jina la Mpemba halistahili, kwa kuwa Aristotle aliandika zamani kuhusu wavuvi wa Ponto waliomwagia maji ya moto kwenye mianzi yao ili barafu ishike upesi, na baada yake Francis Bacon na Descartes nao wakaligusa. Nawapinga. Kufikia miaka ya 1960 fizikia ya joto ilikuwa imelifunga jalada hilo, na aliyesoma vizuri ndiye aliyekuwa na uhakika zaidi kwamba haliwezekani. Aliyelifungua tena na kulirudisha maabara ni mvulana wa Magamba, kwa kuuliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, huku akichekwa.

Sasa je, ni kweli? Maji ya moto yanawahi kuganda? Vichwa vya habari hupenda kujibu ndiyo au hapana, na vyote viwili vinanikera. Jibu lililopo ni tamu kuliko hayo.

Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora. Yalikuja maelezo 22,000. Zawadi ilikwenda kwa Nikola Bregović wa Kroatia, lakini mjadala haukuisha. Wako wanaosema ni uvukizi: maji ya moto hupoteza mvuke, yanabaki machache. Wako wanaotaja hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo hutoka yanapochemshwa. Wako wanaotaja mzunguko wa maji yenyewe ndani ya chombo. Wako wanaosema maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki maji, na kwamba yaliyotoka baridi na yaliyotoka moto hayashuki kwa kiasi kimoja kabla ya kushtuka na kuganda. Na yako maelezo ambayo mama wa barafu za ukwaju angeyakubali mara moja: friza ya zamani hujaa jalidi sakafuni, na jalidi huzuia joto lisitoke, ukiweka chombo cha moto, kinaiyeyusha, kinakaa moja kwa moja kwenye chuma, na ubaridi unakipata vizuri. Osborne alilifikiria hilo. Ndiyo maana vyombo vyake aliviweka juu ya povu jeupe, la aina ile inayofungiwa televisheni mpya, ili visiguse sakafu.

Halafu mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza wakalirudia jaribio kwa uangalifu mkubwa, wakipima muda wa maji kufika nyuzi 0. Hawakuiona athari ya Mpemba. Zaidi ya hapo walionyesha kwamba ukikiinua au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, unaweza kupata jedwali linaloonyesha athari hiyo wakati haipo. Wengine wakawajibu kwamba kufika nyuzi 0 si sawa na kuganda, na Mpemba alizungumzia kuganda. Walioandika kwamba Mpemba ameumbuliwa hawakusoma vizuri. Kwangu, hakuna heshima kubwa aliyowahi kupewa kuliko hiyo ya wataalamu wawili, zaidi ya miaka 50 baadaye, kupima kwa sentimita moja moja kwa sababu ya swali lake, na kuandika walichokiona hata kama hakifurahishi. Hao hawakupika. Wako upande mmoja na Mpemba.

Uzuri ni kwamba swali lilishatoka kwenye maji likaenda mbali. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba jambo la namna hii linaweza kutokea katika vitu vingi vinavyopoa, maji yakiwa mfano mmoja tu. Njia ya kupoa ndiyo inayoamua. Chukua mtu wa Magamba na mtu wa kijiji kilicho chini yake, wote wanateremka kwenda Mombo. Wa Magamba yuko juu zaidi, ana safari ndefu, lakini amedaka basi la barabara kuu. Wa kijijini yuko karibu zaidi, ila yuko kwenye bonde lisilo na njia, inambidi apande kwanza ndipo ateremke. Anayeanza juu anaweza kutangulia kufika. Kitu chenye joto zaidi nacho kinaweza kujikuta kwenye njia ambayo chenye joto kidogo hakiipati.

Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakayathibitisha hayo kwa ushanga mmoja wa kioo, mdogo usioonekana kwa macho, uliowekwa ndani ya maji na kusukumwa na leza. Waliuanzisha ukiwa na joto tofauti tofauti, wakarudia zaidi ya mara 1,000, na katika hali fulani uliotoka kwenye joto kubwa ulipoa haraka kuliko uliotoka kwenye joto dogo. Hapakuwa na uvukizi wa kubishania, wala jalidi, wala kipimajoto kilichopinda. Kutoka hapo ndipo jina lilipoingia kwenye ayoni za Innsbruck na Weizmann, ambako leo wanafizikia wanajiuliza kama njia za mkato za namna hii zinaweza kusaidia kuandaa kompyuta za kwanta kwa haraka.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayaomba kwa moyo wote. Katika mtihani wa vitendo wa fizikia, liwepo swali moja ambalo hata mtungaji hana namba yake mfukoni, na alama zitolewe kwa jinsi mtahiniwa alivyopima, alivyoandika alichokiona na alivyotafuta sababu. Jaribio la Mpemba lingefaa kuwa la kwanza. Linahitaji friza, vikombe viwili vinavyofanana, maji na saa. Penye kipimajoto itakuwa afadhali. Vikombe viwekwe juu ya kipande cha ubao, maji yapimwe ujazo kabla na baada, kipimajoto kikae kimo kilekile, na vikombe vibadilishane nafasi katika zamu ya pili, maana mama wa barafu ameshatuambia kona za friza hazilingani. Shule moja itapata ndiyo, nyingine hapana, na darasa litakuwa na jambo la kubishania kwa muhula mzima. Shule isiyo na friza ikaombe kwa mama huyo, na ikifika imuulize naye anaonaje.

Na lipo jambo moja ambalo nashangaa halijashughulikiwa zaidi. Majaribio ya friza yanayotajwa sana yalitumia maji matupu, kwa kuwa maji ni rahisi kuyaelewa. Yaliyoganda Magamba mwaka 1963 yalikuwa maziwa yenye sukari, yenye mafuta na utando wake juu baada ya kuchemshwa, na ya yule mwenzake yalikuwa mabichi. Kwa hiyo trei zile mbili hazikutofautiana joto tu. Moja ilikuwa imechemka na nyingine haijawahi kuona moto. Mwanafunzi anayetaka kuanza leo na aanzie hapo: achemshe maziwa yote, ayapoze nusu yake, kisha atie trei mbili kwa wakati mmoja, moja ya moto na moja iliyopoa, na aandike saa.